Kumaliza, Kufuzu na Kutunukiwa: Uhakiki wa Msamiati wa Shahada Katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Neno shahada asili yake ni ushahidi. Limetoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili lingali na jamaa zake: shahidi, ushahidi, kushuhudia. Kwa Mwislamu shahada ni kauli ya kukiri imani. Kwa mwanachuo ni hati ambayo kwayo chuo kikuu hushuhudia kwamba mtu fulani amesoma taaluma fulani na kufikia kiwango fulani. Basi mtu aelezaye shahada yake, au ya mwenziwe, anatoa ushahidi, na ushahidi hupimwa kwa maneno yake.

Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki maneno hayo kama yanavyotumika Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hili lina vyuo vya kila ngazi. Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, Kabarak kuna chuo kikuu kilichopata hati yake ya kuidhinishwa mwaka 2008, na Nakuru yenyewe, ambayo ni jiji tangu 2021, ina vyuo vya ufundi, vya ualimu na vya biashara. Pili, wakazi wa Nakuru wametoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na matangani. Sherehe za vyuo vikuu huendeshwa kwa Kiingereza, lakini habari zake hufika nyumbani kwa Kiswahili. Katika safari hiyo fupi, kutoka uwanja wa sherehe hadi sebuleni, mengi hupotea.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili kina maneno ya kutosha kutofautisha hatua zote ambazo mwanafunzi hupitia hadi kuitwa mwenye shahada. Tatizo letu si upungufu wa maneno. Tatizo ni kwamba tunatafsiri Kiingereza kilicholegea cha mazungumzo, badala ya kutumia Kiswahili kilichokaza ambacho tayari tunacho.

Vitendo vitatu

Mtu hawi mwenye shahada kwa tendo moja. Kwanza humaliza masomo, yaani huhudhuria mihula yote iliyopangwa. Pili hufuzu, yaani hufaulu mitihani na kutimiza masharti mengine, kama vile tasnifu au mafunzo ya vitendo. Tatu, baada ya Seneti kuidhinisha majina, hutunukiwa shahada na Chansela. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu miezi hupita, na pengine miaka. Wapo wanaomaliza wasifuzu, na wapo wanaofuzu wakachelewa kutunukiwa kwa sababu ya deni la karo au alama za somo moja zisizoonekana.

Kiingereza rasmi cha vyuo vikuu huihifadhi tofauti hii. Asubuhi ya sherehe, kijana aliyevaa joho huitwa "graduand". Chansela akisha kutamka maneno yake, kijana yule yule huitwa "graduate". Katika vyuo vikuu vya Kenya ni desturi maneno hayo ya Chansela kumpa mhusika mamlaka ya kusoma na kutenda yote yanayoambatana na shahada ile. Kabla ya kutamkwa, mamlaka hayo hana, hata kama joho limemkaa vizuri.

Je, Kiswahili hakina tofauti hii? Tuyatazame maneno yetu. Kuhitimu kunatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutia muhuri na kukamilisha. Katika mwambao neno hili lilihusu hasa mwanafunzi aliyeikamilisha Kurani mbele ya mwalimu wake, na neno hitima ni tawi la shina hilo hilo. Chuo nacho, kabla ya kuwa taasisi ya elimu ya juu, kilikuwa kitabu, kisha mahali watoto walipofundishwa Kurani. Kwa hiyo anayesema "amehitimu chuo" anatumia maneno mawili yaliyokuwa pamoja karne nyingi kabla ya vyuo vikuu kufika Afrika Mashariki.

Katika mapokeo hayo hayo kulikuwa na tendo la pili lililokuwa mbali na kuhitimu, nalo ni kupewa ijaza. Ijaza ni idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi kufundisha kitabu alichokisoma kwake. Kuhitimu kulikuwa tendo la mwanafunzi, ijaza ilikuwa tendo la mwalimu. Mtu aliweza kukamilisha kitabu asipewe ijaza. Tofauti ambayo chuo kikuu cha kisasa huifanya baina ya kumaliza na kutunukiwa haikuwa ngeni kwa wasomi wa Lamu na Mombasa.

Ama kufuzu, asili yake ni kushinda. Wasikilizaji wa redio katika Bonde la Ufa, nchi ya wanariadha, hulisikia neno hili karibu kila msimu wa mashindano: fulani amefuzu kwa nusu fainali. Hakuna anayedhani kwamba mkimbiaji huyo amekwisha kuvishwa nishani. Amevuka hatua moja, amepata haki ya kuingia katika hatua ifuatayo, basi. Mtu huyo huyo anayelielewa neno vizuri sana katika riadha, akifika katika habari za masomo husema "mwanangu amefuzu chuo kikuu" akimaanisha kila kitu kwa pamoja.

Mahali, mwaka na mtoaji

Madhara ya kulegea huku yaonekana wazi tukiitazama historia ya Njoro. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton wa Tatton alianzisha pale shule ya ukulima kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 shule ile ilipandishwa kuwa chuo cha kilimo chenye kutoa stashahada. Mwaka 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge. Jina ni moja, uwanja ni mmoja, hata baadhi ya majengo ni yale yale. Lakini hati zilizotolewa hazikuwa za ngazi moja.

Tuchukue sentensi ya aina inayosomwa mara nyingi katika wasifu wa marehemu: "Alihitimu na digrii ya kilimo kutoka Egerton mwaka 1968." Sentensi hii haiwezi kuwa kweli, kwa kuwa mwaka 1968 Egerton haikutoa digrii. Marehemu alikuwa na stashahada, na stashahada ya kilimo ya miaka ile haikuwa jambo dogo. Maofisa walioihudumia nchi katika ugani, mifugo na ushirika baada ya Uhuru wengi wao walikuwa na stashahada. Kumwongezea marehemu digrii ni kuificha kazi halisi ya elimu aliyoipata, na ni kumtia katika jamii ya watu ambao yeye mwenyewe, angekuwa hai, asingedai kuwa mmoja wao.

Nairobi nako kuna mtego kama huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliundwa mwaka 1970. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam; na kabla ya hapo wanafunzi wa shahada pale walisomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Mzee wa Nakuru aliyesoma Nairobi mwaka 1966 hana shahada ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wala hana haja nayo. Alisoma Nairobi, akatunukiwa shahada na chuo kikuu kingine. Kiswahili huweza kulisema jambo hili kwa urahisi, mradi msemaji atenganishe mahali pa kusomea na chombo kilichotoa shahada.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la wanahistoria peke yao. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilimtaka mgombea wa urais au ugavana awe na shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa nchini, na katika uchaguzi wa 2022 swali la nani ana shahada na nani hana lilifika mahakamani na kujaza magazeti. Wananchi wengi walilifuata suala hilo kwa Kiswahili. Penye neno moja la "kuhitimu" kwa ajili ya kumaliza, kufuzu na kutunukiwa, msikilizaji hawezi kujua kinachobishaniwa. Atadhani ubishi ni wa kisiasa tu, kumbe upo pia ubishi wa maneno.

Kiingereza ndani ya Kiswahili

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni la kihusishi. Huandikwa: "alihitimu kutoka Chuo Kikuu fulani". Kutoka hapa ni kivuli cha "from" ya Kiingereza. Katika Kiswahili kutoka huonyesha mwendo au asili: mtu hutoka Molo kwenda Njoro, barua hutoka kwa mjomba. Kuhitimu si mwendo. Mwanafunzi wa mwambao hakuhitimu kutoka chuoni, alihitimu chuoni. Yafaa basi kusema "alihitimu katika Chuo Kikuu cha Egerton", au "alihitimu masomo yake Njoro".

Kosa la pili ni "alihitimu na shahada". Na hii imechukuliwa kutoka "with". Kwa Kiswahili, mtu akija na mwenziwe, wote wawili wamekuja. Basi "alihitimu na shahada" yaweza kusikika kama kwamba shahada nayo ilihitimu. Lugha ina njia iliyo safi: "alihitimu, akatunukiwa shahada ya ualimu". Kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano wake, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitafuta.

Inafaa kukumbuka kwamba hata Waingereza na Wamarekani wamebishana juu ya kitenzi hiki. Zamani chuo ndicho kilichokuwa mtendaji: chuo kilimhitimisha mwanafunzi, na mwanafunzi alihitimishwa. Baadaye mwanafunzi akawa mtendaji, akahitimu "kutoka" chuoni. Siku hizi wapo wanaokiacha kihusishi kabisa, na wahariri wengi huwakemea. Kiswahili kina sura zote hizo katika minyambuliko yake: hitimu, hitimisha, hitimishwa. Lugha yenye utajiri wa namna hii haina sababu ya kuazima kihusishi.

Hata Kiingereza chenyewe tunachokiiga, kama kinavyoandikwa katika barua za kuomba kazi, kina kasoro zake. Huandikwa "Bachelors of Education", kana kwamba mwombaji ni watu wengi. Jina kamili la shahada halina "s": ni "Bachelor of Education". Alama ya umilikaji huja tu shahada inapotajwa kwa jumla, "a bachelor's degree". Tena mtu mmoja hujiita "alumni", neno la Kilatini la wingi, wakati umoja wake ni "alumnus" kwa mwanamume na "alumna" kwa mwanamke. Wenye kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya chuo kikuu kwa usahihi wangeanza kwa kuuangalia usahihi wa Kiingereza chao.

Majina ya ngazi

Tukija kwenye majina ya ngazi, twaona kwamba mengine yamefanikiwa na mengine yana walakini.

Stashahada na astashahada zimekwisha kukubalika katika maandishi rasmi. Kasoro yake ni kwamba sta- na asta- si viambishi vinavyojulikana katika sarufi ya Kiswahili, kwa hiyo neno lenyewe halimwelezi msomaji ni lipi lililo juu ya lingine. Nakuru watu wengi husema diploma na cheti, na wakisema hivyo hueleweka. Hatuoni ubaya wa mzungumzaji kuendelea na diploma, ilimradi mwandishi wa hati rasmi ashike istilahi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Shahada ya kwanza, ya pili na ya tatu ni njia rahisi, lakini ina hatari mbili. Mosi, mtu aliyesomea ualimu, kisha akasomea sheria, ana shahada ya pili kwa hesabu lakini si kwa ngazi. Pili, "shahada ya kwanza" huchanganywa na "daraja la kwanza". Mwenye shahada ya kwanza ni kila aliyetunukiwa shahada ya chini ya chuo kikuu. Mwenye daraja la kwanza ni yule mchache aliyepata alama za juu kabisa. Mzazi akisema mwanawe amepata "ya kwanza", jirani ana haki ya kuuliza ni ipi.

Kwa ngazi inayofuata kuna uzamili na umahiri, na yote mawili hukutwa katika tasnifu za Kiswahili. Uzamili una asili ya Kiarabu yenye maana ya wenzi au wenza wa kazi, maana ambayo Mkenya wa kawaida haioni. Umahiri unajieleza wenyewe: mahiri ni fundi aliyebobea, na ndivyo ulivyo pia mzizi wa Kilatini wa neno la Kiingereza, yaani bwana wa fani yake. Kwa upande wa maana, umahiri una nguvu zaidi. Kwa upande wa mazoea ya Kenya, uzamili umetangulia.

Kwa ngazi ya juu tuna uzamivu, na wengine huandika uzamifu. Maneno yote mawili yametokana na kuzamia. Sarufi haiwezi kulikataa lolote, maana tulia hutupa tulivu, vumilia hutupa vumilivu na sikia hutupa sikivu, ilhali angalia hutupa angalifu. Mfano ulio wengi kwa vitenzi vya namna hii ni -vu, na kwa hiyo tunapendelea uzamivu. Tena neno hili limelishinda la Kiingereza katika jambo moja. Mtaalamu wa udongo wa Njoro, akifikia ngazi hiyo, kwa Kiingereza huitwa daktari wa falsafa, ingawa hakuwahi kusoma falsafa hata siku moja. Kwa Kiswahili amezamia udongo, na hilo ni kweli tupu.

Neno lenye matatizo makubwa zaidi ni heshima. Chuo kikuu humpa mtu mashuhuri shahada ambayo hakuisomea, kwa kutambua mchango wake kwa taifa. Hiyo huitwa shahada ya heshima. Lakini pia shahada za kawaida zilizosomewa huandikwa "Honours" katika hati zake, na watafsiri huziita vile vile shahada za heshima. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyekesha miaka minne akisoma huonekana kama aliyezawadiwa, na aliyezawadiwa huonekana kama aliyekesha. Desturi ya vyuo vikuu vingi ni kwamba mwenye shahada ya heshima hajiiti daktari kwa sababu yake. Penye jina moja kwa vitu viwili, desturi hiyo haiwezi kulindwa.

Jingine ni sanaa. Aliyesoma historia au isimu huambiwa ana "Shahada ya Sanaa", na nyumbani huulizwa amechora nini. Neno la Kilatini lililo nyuma ya "Arts" lilikuwa na maana pana ya fani za elimu, na Kiswahili kina neno fani. Hata hivyo sanaa imekwisha kuingia katika majina ya vitivo, na kuling'oa kutahitaji makubaliano. Kwa sasa inatosha kutaja somo lenyewe: shahada ya sanaa katika historia.

Mahafali

Yatupasa kusema machache juu ya siku yenyewe. Mahafali ni neno la Kiarabu lenye maana ya mikusanyiko, na ni ndugu wa hafla. Ni jina la sherehe, si la watu. Siku hizi husikika "mahafali mia tatu walitunukiwa shahada", kana kwamba mahafali ni wanafunzi. Upatanisho wa kisarufi ungeweza kutuonya mapema: husemwa mahafali haya yalifana, wala si mahafali hawa walifana.

Joho nalo limesafiri mbali. Lilikuwa vazi la wakubwa wa mwambao, nalo sasa huvaliwa Njoro na Kabarak, hata na watoto wa chekechea wanaoingia darasa la kwanza. Hatuwanyimi watoto furaha yao. Lakini vazi linapovaliwa na kila mtu, maneno ndiyo yanayobaki kueleza ni nani amefanya nini, na hiyo ni sababu nyingine ya kuyatunza.

Mapendekezo

Wapo watakaosema kwamba lugha ni ya watu, na kwamba mama anayeshangilia mjini Nakuru hana haja ya istilahi. Tunakubali. Hatuandiki kwa ajili ya kumsahihisha mama katika furaha yake. Tunaandika kwa ajili ya wale ambao maneno yao huwa hati: watayarishaji wa ratiba za mahafali, waandishi wa habari, watafsiri, walimu, na wanaoandika wasifu wa wafu na wa walio hai. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na lugha rasmi haina budi kuweza kutoa ushahidi sahihi.

Tunapendekeza yafuatayo. Kwanza, kumaliza masomo kutumike kwa kukamilisha mihula, na kufuzu kwa kufaulu mitihani na masharti. Pili, aliyefuzu akingojea sherehe aitwe mtunukiwa, na baada ya kutunukiwa aitwe mhitimu. Wako wanaolalamika kwamba tunu ni zawadi na shahada si zawadi. Lakini kupewa ni neno pana mno, na kukabidhiwa kwahusu karatasi zaidi ya hadhi. Kutunukiwa kumekwisha kuzoeleka, na katika kurasa za mwanzo za tasnifu za Kiswahili husomwa kwamba kazi imetolewa ili kutimiza baadhi ya masharti ya kutunukiwa shahada. Fomula hiyo inakiri yenyewe kwamba masharti ni jambo moja na kutunukiwa ni jingine.

Tatu, kila itajwapo shahada, ngazi, somo, mwaka na chuo kikuu kilichoitoa vitajwe, na mahali pa kusomea patajwe mbali kama ni tofauti. Nne, shahada ya heshima liwe jina la ile isiyosomewa peke yake. Zile zilizosomewa zitajwe kwa daraja lake, mathalani shahada yenye daraja la pili, fungu la juu. Tano, vihusishi kutoka na na viachwe baada ya kuhitimu.

Mapendekezo haya hayahitaji neno jipya hata moja. Yanahitaji idara zetu za lugha zianze kwao, katika matangazo yao na katika orodha za wahadhiri wao wenyewe. Mwanafunzi wa Njoro akiona mwalimu wake ameandika kwa usahihi ni lini, wapi na kwa somo gani alitunukiwa, atajifunza kuandika hivyo hivyo, na wasifu atakaousoma siku moja mbele ya jamaa zake hautampa mzee wake digrii ambayo hakuwa nayo wala kumnyang'anya stashahada aliyoifanyia kazi.